Kandege ka Nyusi Nyeupe

Jumanne, 4 Mei 1954

— basi, hiyo kazi niliacha kueleza jana usingizi uliponishika, ni hivi. Memsabu ameweka hema ndogo kwa vichaka vya leleshwa, karibu na kiota cha ndege. Tunaingia wawili. Halafu mimi natoka peke yangu, napiga domo kwa sauti. Ndege hajui hesabu! Akiona mtu ametoka, anafikiri watu wameisha, anarudi kulisha watoto. Kumbe memsabu yuko ndani na kamera, kimya.

"Nekoye, wewe sema mingi, kwenda!" Ndiyo amri yangu.

Mzee Ogola wa jikoni alicheka. Ati mama, wengine wanafukuzwa kwa sababu ya mdomo, wewe umeandikwa kazi kwa huo huo.

Alhamisi, 6 Mei

Kandege kenyewe! Kifua rangi ya chungwa, nyusi nyeupe kama za mzee wa kanisa. Mume akianza kuimba, bibi anadakia hapo hapo, hata hampi nafasi. Kama mimi na Wangare. Tangu askari wa Hali ya Hatari wawapakie kwa lori, yeye na Wakikuyu wote wa laini ya wafanyakazi, sina wa kunidakia.

Leo nikitoka hemani nilimpa Wangare habari zote, kama yuko hapa kando yangu — wifi yangu amejifungua, Rahab ameolewa tena! Nikafika jikoni bado naongea. Watu watasema nina wazimu. Watu gani?

Picha haikutoka. Ndege aligeuza mgongo.

Jumamosi, 8 Mei

Memsabu amesema. Akipata picha ya mama akilisha watoto, anafunga nyumba, anaenda Ulaya kwa dada yake. Ogola anarudi kwao Kisumu. Mimi nibaki Ndabibi kulinda. Nilinde na nani!

Nilipotoka hemani nikasimama hapo hapo nje, naongea tu. Memsabu akapiga kelele ndani: "Kwenda!" Ndege naye akaenda.

Jumatatu, 10 Mei

Kiota kitupu! Watoto wametoka. Memsabu amekaa chini kwa majani, mtu mzima, analia. Anasema basi, Ulaya ingoje, atakaa mpaka watage tena. Na macho yake yanazidi kuisha, maskini.

Mimi niko kwa ngazi ya jikoni, naandika. Na hapa mbele, juu ya kuni — watoto wa ndege, wawili! Mkia bado kisiki, midomo wazi. Mama yao amekuja na funza, ananitazama. Sijasema kitu, mimi! Memsabu akiwaona, picha imepatikana, na ni Ulaya.

"Nekoye! Wewe naona ndege?"

Nimeitika. Kuitika tu.

"Nekoye! Kuja!" Anazunguka nyumba, kamera shingoni, na mama ndege amerudi na funza mwingine, na mimi, nikifungua mdomo tu ataruka, na mimi —