Fimbo Yako Niliyoificha

Kabale, mke mwenzangu,

Salaam aleikum huko ulikolala. Ni mimi, Darmi, yule uliyemwita Mdogo tangu siku aliyoletwa kwa mzee wetu Guyo akiwa bado anafuta kamasi kwa mkono. Mdogo huyo sasa ana wajukuu tisa na meno machache. Unajua sikuingia shule hata kwa kupotea njia. Mimi nasema, na Rahma, mke wa mwanangu wa mwisho, anaandika. Nimemwapisha aandike yote, hata yale yatakayomuaibisha yeye.

Kabale, naogopa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Mgongo umenishika. Si ule wa kushika leo na kuachia kesho. Huu umekaa kwangu tangu kabla ya mvua zilizopita, na mvua zilikuja zikaenda, wenyewe haujaaga. Uko palepale ulipokuwa wako, juu kidogo ya kiuno, halafu unashuka kwa tako mpaka nyuma ya goti kama mtu anayevuta uzi wa moto. Nilikuwa nimesujudu, Ijumaa adhuhuri, nikataka kuinuka, sikuweza. Paji la uso liko kwa mkeka, Mungu anisamehe, na badala ya kumtaja Yeye nilikuwa nasema moyoni: hivi ndivyo ilivyoanza kwa Kabale.

Maana nilikuwapo ilipoanza kwako. Na wewe ulikuwa na mgongo! Wakati bado tunahama, ulikuwa unapakia nyumba nzima juu ya ngamia, miti, mikeka na ngozi, unakaza kamba kwa goti, na ngamia analalamika kabla yako. Ukame ukamaliza ng'ombe, tukaja kukaa hapa Chechelesi chini ya mabati, tukawa wauza maziwa ya ngamia kama wanawake wengine. Bado mtungi mkubwa ulikuwa wako. Nikitaka kukupokea unasema, "Mdogo, wewe beba kwa kichwa. Hakuna kitu kingine humo ndani kitakachobanwa." Na wanawake wote wa soko wanacheka, na mimi nanuna mpaka jioni, na jioni unanimegea fungu lako la mafuta ya kondoo. Hukuwahi kuomba msamaha kwa maneno. Ulikuwa unaomba kwa chakula.

Halafu asubuhi moja ukainama kuchukua mtungi, ukabaki umeinama.

Tulifanya tulichojua. Tulikuchinjia kondoo, ukanywa mafuta ya mkia. Hayakusaidia. Tukamwita mganga, mzee Dida, na chuma chake cha moto. Nilipuliza moto mwenyewe, Kabale. Nilikushika miguu nikiwa nimekaa juu ya visigino vyako, na wewe umeuma ncha ya shuka. Alikuchoma mara sita. Nilisikia harufu, na hata leo mtu akichoma nyama bila chumvi natoka nje. Alipoondoka uligeuza uso ukaniambia, "Sasa nina maumivu saba. Sita ya Dida, moja yangu." Nilicheka na kulia pamoja.

Baada ya hapo tukakulaza. Nasema tukakulaza, lakini ni mimi. Nilikutandikia ngozi mbili, nikachukua mtungi wako, moto wako, mbuzi wako. Nilisema mke mkubwa hatainua hata kijiko. Na sikuyafanya kwa mapenzi peke yake. Nilikuwa nasikia midomo ya majirani: mke mdogo amemgeuza mkubwa punda, mwanamke anaumwa na bado anafanyishwa kazi. Wewe unajua nyumba ya wake wawili inavyochunguzwa. Nikaona nikikulaza vizuri, kila anayepita atasema, mashaallah, Darmi ana moyo.

Siku moja nimerudi kutoka sokoni mapema, jua limesimama katikati, nikakukuta umesimama kando ya moto. Fimbo yako mkono mmoja, ile uliyokuja nayo siku ya ndoa yako, nyeusi kwa mafuta ya miaka. Mkono wa pili umeshika gorfa, kile chombo chetu cha kufumwa cha maziwa, unakifukiza kwa moshi.

"Kabale! Unafanya nini?"

"Huoni? Nafukiza. Wewe unafukiza vibaya, maziwa yananuka kama takataka zilizochomwa."

"Rudi ulale."

"Nikilala naumia, nikisimama naumia. Afadhali niumie nikiona watu."

"Watu haohao ndio watasema nakutumikisha!"

Ukanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kumbe unaogopa watu," ukasema. "Mimi nilidhani unanihurumia."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Nikakunyang'anya fimbo. Ulipolala, nikapanda juu ya sanduku, nikaisukuma kati ya mabati na boriti, mbali na mkono wako. Uliiuliza siku tatu. "Mdogo, fimbo yangu." "Mdogo, iko wapi fimbo?" Siku ya nne hukuuliza. Nikafurahi. Nilifikiri umetulia.

Hukusimama tena. Miguu yako ikawa kama ya mtoto wa kondoo, nikawa nakugeuza kama mkeka. Ulikuwa unasali umelala, unatikisa macho. Halafu kifua kikaingia, na wiki ya kwanza ya mvua tukakuzika.

Kwa hiyo mgongo uliponishika mimi, sikumwambia mtu. Nilisali nimekaa kwenye kiti nikasema ni goti. Rahma si mjinga, alinitazama ninavyovaa nguo nikishikilia ukuta, akaita bodaboda, akanipeleka hospitali nikipiga kelele mpaka mlangoni. Nilijua watanikata. Nilimwambia Rahma, wakitoa kisu, unirudishe nyumbani nife na ngozi yangu nzima.

Walinipeleka kwa daktari wa mazoezi, mama wa Kimeru, mnene, mikono kama ya mtu anayekanda unga wa harusi. Hakuwa na kisu. Alikuwa na kitanda na maswali. Aliniuliza, "Mama, mkojo unakutoka bila kujua?" Nikamwambia, "Wewe binti wa watu, tumeonana sasa hivi." Hakucheka. Akauliza kama nimekufa ganzi pale ninapokalia, kama mguu unalegea na kuanguka, kama nina homa, kama nakonda, kama natoka jasho usiku. Akasema ukiona moja ya hayo, uje siku hiyohiyo, usingoje. Hayo ni mambo mengine na yana matibabu yake. Mimi sikuwa na hata moja. Akanigongagonga goti, akaniinua mguu, akaniambia nisukume mkono wake kwa vidole vya mguu. Nikausukuma mpaka akarudi nyuma. Hapo ndipo alicheka.

Akaniambia kukata ni kwa wachache, na mimi si mmoja wao. Akasema mifupa ya mgongo inazeeka kama nywele, na wengi wameizeesha bila kuumwa siku hata moja. Yangu haijavunjika. Nikamuuliza, basi mbona inauma hivi? Akafikiri, akasema, "Mama, uliwahi kufuga mbwa? Fisi akija mara moja, mbwa anabweka. Fisi akienda, kuna mbwa anaendelea kubweka, hata majani yakitikisika. Maumivu yako ni ya kweli, nakuamini. Lakini kila mara yanapobweka si kwamba fisi yuko ndani."

"Na huyo mbwa ananyamazishwaje?"

"Kwa kumzoesha. Ukijificha ndani, anabweka zaidi."

Akasema nitembee. Mpaka kwenye geti na kurudi, asubuhi na jioni, na baada ya siku chache niongeze kidogo. Yakiuma kidogo nisikimbie, yakizidi nipunguze, lakini nisiache. Nilale chali nikunje magoti, niinue kiuno polepole, nihesabu mpaka tano. Nikilala ubavu, niweke mto kati ya magoti. Chupa ya maji moto ikifungwa kitambaa ni sawa. Dawa alinipa za siku chache, kwa sababu alisema zikikaa sana zinaharibu tumbo na figo. Na mzigo nigawe mara mbili, niushike karibu na tumbo kama mtoto, nikunje magoti.

Nikamwambia, "Daktari, nikitembea mgongo utakatika."

"Mama, mgongo wako si kikombe."

"Yataisha?"

Hapo hakunidanganya. Alisema yanaweza kupungua sana, na yanaweza kuja na kwenda, lakini nitaweza kuishi nayo nikiwa nimesimama. Nilitaka aape kwamba yataisha. Hakuapa. Hilo linaniogopesha mpaka leo.

Kabale, nikamuuliza habari zako. Nilimweleza chuma, ngozi, fimbo. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Sikumuona. Siwezi kusema alikuwa na nini." Nilimwomba aseme hata uongo. Akasema tu kwamba mtu akilazwa muda mrefu, mwili unayeyuka na kifua kinapata nafasi.

Na mimi nikakumbuka ulivyokuwa unakonda hata kabla sijakulaza. Nikakumbuka nguo zako zilivyokuwa zinalowa jasho asubuhi wakati wa baridi. Hayo ndiyo aliyoniuliza mimi! Labda mgongo wako ulitaka kutembea. Labda ulitaka dawa, na mapema. Hospitali ilikuwa palepale ilipo leo, na mimi nilipita mbele yake kila siku na mtungi wa maziwa. Sikukupeleka kwa yeyote isipokuwa kwa Dida. Sitajua kamwe ulikuwa mgongo gani. Hili nitakufa nalo, na sitaki mtu aje kuniambia nisijilaumu. Nitajilaumu ninavyotaka.

Sasa sikia kwa nini nimemkalisha Rahma leo aandike.

Tuliporudi, Rahma alinunua godoro jipya, nene kama keki. Alinilaza. Uji unakuja kitandani, maji ya udhu kitandani. Nikisema naenda getini, ananiambia, "Akko," kama watoto wanavyoniita nyanya yao, "Akko, daktari hajui wewe ni mtu mzima." Siku ya tatu nilitoka peke yangu. Nilishika ukuta, nikatetemeka, jasho likanitoka, lakini nikafika. Kule getini jirani mmoja akapaza sauti, "Darmi, siku hizi unajichunga mwenyewe? Mke wa mwanao yuko wapi?" Na nikamuona Rahma mlangoni, uso umemshuka.

Kesho yake malapa yangu hayakuonekana. Nikauliza. Rahma akasema hajui. Leo ni siku ya tatu naulizia malapa yangu, Kabale. Ya tatu.

Andika, Rahma, usininyamazie. Simkasirikii. Ananipenda huyu, ananikanda miguu mpaka anasinzia. Lakini naogopa siku ya nne. Naogopa nitaacha kuuliza, maana godoro ni laini, na getini yule mbwa wa daktari anabweka, na kila hatua inaniambia utaanguka, utaanguka. Mtu anaweza kuchoka kuomba miguu yake mwenyewe. Sikulijua hilo siku ulipoacha kuuliza fimbo. Nililiita utulivu.

Fimbo bado iko pale. Mabati tumebadilisha, boriti ni ileile, na fundi alipotaka kuitoa nilimfukuza. Iko juu ya kichwa cha Rahma hapo anapoandika. Miaka yote hii nimelala chini yake.

Rahma aliweka kalamu chini. Akatoka.

Amerudi, na sasa anaandika tena. Malapa yalikuwa ndani ya pipa la unga, yamekuwa meupe kama ya bibi harusi. Ameyakung'uta, ameyaweka mbele ya miguu yangu bila kunitazama. Amepanda juu ya kiti, amepapasa boriti, buibui wamemwangukia kwenye nywele. Nimemwambia aandike na hilo. Fimbo iko mapajani mwangu sasa. Ni nyepesi kuliko nilivyokumbuka. Pale ulipokuwa unashika pana shimo dogo la dole gumba, na dole gumba langu halilijazi.

Akko wa watoto hawa bado anaogopa, Kabale. Nikisimama mgongo unaweza kubweka. Unaweza kubweka mpaka kesho. Lakini nitakwenda getini leo, na yule jirani akifungua mdomo, Rahma amesema atamjibu mwenyewe. Halafu mpaka duka la kona. Halafu msikitini. Makaburini ni mbali, na najua kuna watakaosema mwanamke asiingie, nitasimama nje ya ua. Sijui kama nitafika mwaka huu au mwingine.

Uliiomba siku tatu. Usiombe tena. Naileta kwa miguu yangu.

Mdogo wako, Darmi