Hiki cha Nani?

Neema mjukuu wangu,

Huku ugenini Doonside hatujambo. Mama yako yuko kazini, anakusalimu.

Umeniuliza kama nasadiki habari za wale wavumbuzi wa zamani waliokwama kwenye barafu ya kusini: wakati wa kugawa chakula mmoja aliwapa wenzake mgongo, akaulizwa, "Hiki cha nani?", akataja jina, ili asipendelewe mtu.

Nasadiki. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, mama yangu aligawa ugali vilevile. Mimi, mtoto wake mkubwa, niligeukia turubai la hema nikataja majina ya wadogo zangu, na langu. Haki hiyo nimejisifia hata kanisani.

Kisha nikasoma ulipoandika kwamba hata mpishi wao alitajwa. Nimeona haya, Neema. Sikuwahi kusema, "Cha mama." Naye hakuwahi kunikumbusha.

Babu yako