Kwa Baba, Uliyeangushwa na Ukingo wa Maua

Mwaka umetimia, Baba, tangu gari lako la mikate lipenye ukingo wa daraja lile la barabara ya mandhari kama linalopenya pazia.

Hukuwa kwenye mwendo wa kasi. Wewe na kukimbia wapi na wapi! Gurudumu la mbele lilipasuka, gari likaserereka pembeni, na yale maua ya chuma yanayosifiwa na kila mpiga picha yakavunjika kama biskuti. Chini ni bonde.

Tunakukumbuka asubuhi, ukinukia hamira, ukigoma kuwasha gari mpaka sote tufunge mikanda. "Mkanda kwanza, umbea baadaye!" Mkate uliobonyea hukuuza, ulimwachia mlinzi wa shule ukidai umezidi. Alijua unadanganya. Alikula hivyo hivyo.

Kwenye uchunguzi, mhandisi aliyelichora daraja alisema bila kupepesa macho, "Ile ilikuwa nakshi, si ukingo hasa. Wageni wanataka kuliona bonde."

Dada yako akainuka. "Kaka yangu ameliona, mwanangu. Ameliona mpaka chini."

Sisi Kiswahili tunakijua. Ukingo ni wa kukinga. Usiokinga ni mtego uliopakwa rangi. Wala uzuri hauna kosa: ukingo wa kupendeza unaweza kuwa imara, ukigongeshwa lori kwenye majaribio kabla ya kuaminiwa na watu. Ule wao, mhandisi na wenzake, waliupiga picha tu.

Walipoleta shada nyumbani, Mama hakuwakaribisha ndani. Alilishika pale pale mlangoni, akawarudishia. "Maua yenu yalishafika. Haya pelekeni kwenu."

Sasa mhandisi huyo amepewa daraja jingine, na amelichorea maua yale yale. Wiki ijayo bodi ya wahandisi inaamua kama anyang'anywe leseni. Tutakuwepo, mstari wa mbele, na picha yako kubwa, ile ambayo unacheka hadi jino la pembeni linaonekana. Samahani yake hatuitaki, abaki nayo. Tunataka asijenge tena, hata banda la kuku.

Unakumbukwa na mke wako, uliyemwita Bosi, dada yako, wanao, yaani Kaka Mkubwa na mimi uliyeniita Mdomo wako, wajukuu, ambao bado wanauliza utarudi lini, na waokaji wenzako wote.

Wewe daima umo mioyoni mwetu, Baba. Yeye mhandisi, tutakula naye sahani moja.