Helikopta Isikanyage Kisiwa Chetu

Bluff, 3 Februari 2006

Mjukuu wangu Arihia,
Wellington wanakulisha? Na hicho kifua? Mimi mzima kama jiwe, goti tu ndilo linalonung'unika.
Nasikia Idara yako ya Uhifadhi inataka kumwaga sumu ya panya kisiwani kwetu, na familia zote za ukoo zimekubali isipokuwa mimi. Basi nitabaki mimi! Kisiwa kile hakanyagi asiye wa damu yetu, awe waziri, awe nani. Nimewinda vifaranga wa ndege wa bahari pale tangu sijaota ndevu, na hajazaliwa wa kunishinda kujaza ndoo. Panya nitawamaliza mwenyewe kwa mitego.
Babu yako, Tiemi

Wellington, 20 Februari 2006

Babu mpenzi,
Kifua kimepona. Goti lipake mafuta ya wale ndege wetu wa bahari, usijifanye kijana.
Babu, msimu uliopita ulijaza ndoo gani? Shangazi Mere kaniambia: uliingiza mkono kwenye mashimo ya vifaranga ukatoa mifupa iliyoachwa na panya. Usipokubali, kazi haifanyiki, na wanangu hawatamjua ndege huyo. Helikopta haitatua. Itamwaga sumu ikiwa angani, ndege wakishahama. Watakaokanyaga kukagua ni sisi wa damu, na hatuna kiongozi.
Mjukuu wako, Arihia

Bluff, 30 Julai 2006

Bibie,
Hujambo? Huku baridi inauma, mimi natoka jasho. Tumemaliza! Nilikuwa botini na redio, nikamwambia rubani, "We kijana, umeuruka ule mwamba!" Akasema, "Mzee, nimeupitia mara mbili." Nikamwambia, "Pita tena." Akapita. Sasa tunasubiri.
Babu yako, kiongozi

Bluff, 12 Mei 2008

Arihia we!
Mko salama wewe na watoto? Yangu usiulize, nacheza ngoma na goti bovu. Tumekagua kisiwa kizima: hakuna panya, hata kinyesi chake! Nikaingiza mkono shimoni, kifaranga akaning'ata kidole mpaka damu. Kanona huyo! Nilikaa chini nikalia. Mere akikusimulia, sema ulikuwa upepo.
Mwakani njoo na watoto, nitawafundisha mwenyewe. Ila mizigo yenu nitaipekua gatini, mpaka soksi. Juzi nilimwaga unga wote wa binamu yako Hoani kutafuta panya. Akafoka, "Mzee, siku hizi umekuwa serikali?"
Nikamwambia, "Serikali ina huruma."
Babu yako, Tiemi