Makochi Nje, Mikeka Ndani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia. Nimelisha kuku. Nimepangusa maua ya plastiki moja moja kwa kitambaa chenye maji, kama kila Jumatatu. Ajambo amekaa mlangoni ananitazama kama vile nimerukwa na akili. Huyu mjukuu wangu alifika jana kutoka Kampala. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Tororo kumposa. Nilidhani amekuja kunisaidia kupika. Wapi! Amekuja kunifundisha nyumba.

Ati maua yatoke. Ati kapeti ya plastiki ikunjwe. Ati mtu mwenye akili siku hizi anapamba kwa mafunjo, mkonge na udongo, vitu vya akina mama wenye biashara zao, ili pesa ikae mikononi mwa wanawake na takataka zisijae duniani. Nikamuuliza: mimi niliyeuza omena, dagaa wa ziwani, pale mpakani mpaka nywele zikawa nyeupe, pesa yangu ilikaa mikononi mwa nani? Haya makochi alinunua nani, babu yako? Babu yako alinunua redio tu. Akaiuza.

"Kukhu," akasema, maana ndivyo anavyomwita bibi, "vitu vya mafunjo vikichakaa vinarudi udongoni."

Hata mimi nitarudi udongoni. Lakini si kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 5 Agosti

Ameleta vikapu. Ameleta vyungu. Vikapu ametundika ukutani, vitupu. Kikapu kitupu ukutani! Mkwe akiingia atasema hapa kuna njaa. Taa ameivalisha maganda ya mgomba. Nimemwambia mbuzi akipita hapa tutabaki gizani. Anacheka. Kucheka kwake kunaniudhi kuliko vikapu.

Chungu kimoja ni kizuri. Cheusi, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Amekifinyanga mama mmoja wa Tororo pamoja na mabinti zake. Sikumwambia Ajambo kuwa ni kizuri. Atanipanda kichwani.

Jioni akataja mikeka. Nimekataa. Mikeka ya hapa Dabani inasukwa na kikundi cha Nafula, jirani yangu. Kikundi chenyewe nilikianzisha mimi, jikoni mwangu, kwa chai yangu. Siku ya kuchagua mwenyekiti wakamchagua Nafula. Ati mimi nina mdomo. Mdomo! Nikatoka. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Tukikutana njiani ni matusi, kila mtu upande wake wa barabara.

Na tena nani anakaribisha wakwe kwa mikeka? Hapa kwetu makochi yakitolewa nje na mikeka ikatandikwa ndani, kuna maiti. Mtoto wa kunyonya anajua. Sikumweleza Ajambo. Nilisema hapana. Hapana inatosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Haikutosha.

Asubuhi nilikwenda Tororo kununua kitambaa kipya cha meza. Mguu unaniuma, hata Jumapili kanisani kila mtu aliniona nachechemea. Nikarudi kwa boda. Kwenye kona ya kwangu kijana akapunguza mwendo. "Pole, mama. Hapa kuna msiba."

Uwanja umejaa wanawake. Kuni zimerundikwa. Turubai linafungwa. Makochi yangu yako nje, yameegemea ukuta kama walevi. Ndani mikeka tupu, ukuta mpaka ukuta. Na kilio.

Nikashuka nikauliza nani amekufa. Mwanamke mmoja akaanguka chali. Wengine wakakimbilia migombani. Nilikuwa nimekufa mimi.

Ajambo huyo! Nilipotoka tu, akaagiza mikeka kwa siri. Wanawake wa kikundi wakaileta vichwani, mmoja nyuma ya mwingine, barabarani, jua likiwaka. Hata hao walioisuka walijua ni ya msiba, maana nani hununua mikeka mingi hivyo kwa furaha? Waliona haya kuuliza. Mtoto akatoa makochi, akatandika, kisha akaenda Busia mjini kutafuta brashi ya rangi. Mlango wazi. Nyumba haina mtu. Watu wakakumbuka mguu wangu. Wakasema mwili umepelekwa mochwari.

Nafula alikuwa sokoni. Habari ilimkuta huko. Nilimkuta amejitupa mlangoni kwangu, miguu mitupu, khanga imelegea, akililia jina langu. "Mama Wandera, umeniacha na nani? Nani atanitukana sasa?" Hakuniona. Nilisimama nyuma yake nikasikiliza mpaka mwisho. Nani angekata maneno kama yale? Ndipo nikamwambia, "Inuka, unaloanisha mkeka."

Akageuka. Akaniangalia sana. "Mshenzi wewe!" Akanipiga begani, ngumi ya kweli. Akaanza kulia upya.

Ajambo akarudi na brashi yake. Tukiwa tunamgombeza wote kwa pamoja, mvua ikaja. Hakuna aliyekumbuka makochi. Yamelowa mpaka mbao.

Kisha simu. Shangazi yake Okoth, huyo kijana anayemposa Ajambo. Habari imeshafika Tororo, anatoa pole. Hawaji. Nyumba yenye msiba haiendewi na posa, wazee wao wamesema matanga yaishe kwanza, mwaka ujao ndiyo waone. Ajambo akamwambia Kukhu yuko hai. Shangazi akasema, lia tu mwanangu, uchungu ndivyo ulivyo. Nikanyakua simu mimi mwenyewe. Akaniuliza mimi ni ndugu yake marehemu, maana sauti imefanana sana.

Ajambo amekaa chini, anakunja na kukunjua kona ya mkeka. Mwaka ni mrefu. Kijana ana macho. Naogopa, na nina hasira, na sijui nimgombeze nani kwanza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilimwambia Nafula twende Tororo. Sikumwomba. Nilimwambia. Akauliza kwa nini yeye. Nikasema Dabani nzima, na Tororo pia, wanajua hatupatani. Akija rafiki yangu kusema niko hai, watasema amenunuliwa. Wewe ukisema, nani atabisha?

Akafikiri. "Hiyo ni kweli. Mimi singekusingizia uzima."

Boda moja, wazee wawili, tukitukanana kuhusu nani anabana nani. Shangazi alikuwa anaanika mahindi. Akaniona, akatupa ungo. Alinishika mikono, akanibonyeza mashavu kama papai sokoni. Nafula akamwambia, "Ni yeye. Mzimu ungekuwa na adabu."

Shangazi akacheka mpaka akakaa juu ya mahindi. Wanakuja.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja. Nimechoka. Naandika kidogo.

Makochi bado yanavuja maji. Wakwe wamekaa kwenye mikeka. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini walikaa vizuri, wakanyoosha miguu, wazee wao hata hawakukohoa kile kikohozi cha dharau. Chakula kimepikwa kwa kuni za msiba wangu. Kuni za matanga hazirudishwi kwa mwenyewe, na mimi situpi kuni. Mzee mmoja alipoambiwa akaongeza nyama. Ati ni mara ya kwanza kula matanga akihudumiwa na marehemu.

Shangazi alipapasa mkeka. Mstari mwekundu, mstari mweusi, ukingo umefungwa mara mbili. Akauliza ni kazi ya nani, anataka kama huo. Chumba kizima kikanitazama. Nafula alikuwa mlangoni na jagi la maji, ghafla ameshughulika sana na jagi.

Nikajifuta mikono. Nikasema, "Ni ya Nafula. Huyo hapo. Ndiye mwenyekiti."

Posa imepokelewa. Ajambo alilia. Mimi sikulia, moshi tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Ajambo amerudi Kampala asubuhi. Nimefagia. Nimelisha kuku.

Makochi yako juani. Yananuka. Yakikauka nitaona. Vikapu bado viko ukutani, kimoja nimekitia vitunguu. Maua ya plastiki nimeyaosha, nikayatia kwenye chungu cheusi. Yamependeza. Hakuna mtu wa kunikataza.

Mchana nimejinyoosha kwenye mkeka, mguu umepumzika. Unanukia bwawa. Baridi yake nzuri. Kwenye kona ukingo umeanza kulegea, kazi ya haraka, mimi nisingeiacha hivyo. Kesho nitamwambia.

Jioni Nafula amepita barabarani na mzigo wa mafunjo kichwani. Akapaza sauti kuuliza kama bado sijafa.

Nimetoka nje nikamtukana vizuri.