Viuno Kumi na Vinne Nje ya Skrini

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla sijaingiza mkasi kwenye kitambaa cha watu, maana nikishakata hakuna wa kunirudishia. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea, na chumba cha pili, tukitenganishwa na mlango tu, ni saluni ya wifi yangu, dada wa mume wangu, na tumeishi vizuri miaka sita tukiazimana pasi, sindano na umbea, hadi mwezi uliopita nilipotia vipimo vyote vya wateja kwenye kompyuta na daftari langu la zamani nikalikatakata kutengenezea vielelezo vya kola. Wifi aliniazima skrini yake ya ziada nikaiweka kulia kwa yangu, jedwali la vipimo likakaa kule, michoro ikabaki huku, nikajiona rubani. Kisha tukagombana juu ya feni, jambo la kipuuzi kabisa, naye akaja akachomoa skrini yake akaipeleka saluni kuwaonyeshea wateja mitindo ya nywele.

Tangu hapo vipimo sivioni. Nikifungua programu inalia "ting", alama yake inawaka pale chini, lakini dirisha halitokei. Nikipeleka kishale juu ya alama kinachomoza kipicha kidogo kama stempu, nao wateja wangu wa harusi wote wamo humo, wapambe kumi na watatu wa bibi harusi pamoja na shangazi yake, nimeazima hata kioo cha kukuzia, naona sisimizi tu. Nimeinamisha skrini kushoto ili dirisha liteleze lirudi. Nimesogeza meza nzima kulia, nusu mita, nilifuate. Mshauri, usicheke.

Nikakata shauri kwamba vipimo vimo ndani ya skrini ya wifi. Nikaingia saluni, wateja wanne wamekaa, nikasema, "Wifi, chuki zako peleka kwingine, nirudishie viuno vya watu!"

Akageuka, kitana mkononi. "Viuno gani, wifi? Humu mimi nina vichwa tu."

"Vimo kwenye skrini uliyoichukua!"

Akaichomoa, akaiinua, akaitikisa kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya kibuyu. "Haya, kinga mikono. Pengine kitadondoka cha mtu mwembamba."

Saluni nzima ikaangua kicheko, nami kwa hasira nikamwita mwizi, mbele ya wote, nikaondoka. Leo ni siku ya tisa hatujasalimiana, na mume wangu huingia kwa mlango wa nyuma asije akaulizwa yuko upande gani.

Harusi ni wiki tatu zijazo. Wapambe naweza kuwapima upya kwa kisingizio, lakini shangazi alikubali kupimwa mara moja tu, mlango umefungwa, nami nikamwapia kwamba hataiona tena futi ya kamba maishani mwake. Je, nikate kwa macho, au nihame mji?

Ni mimi, Fundi Asiye na Viuno.

*

Fundi mwanangu,

Nimecheka, unisamehe, ulipofika kwenye kusogeza meza niliondoa miwani nikafuta machozi. Sasa tulia. Huhami, na mkasi uweke droo. Vipimo vyako havijatoka ndani ya kompyuta yako hata kwa dakika moja.

Nikuulize: wifi yako akiondoa kioo ukutani saluni, mteja anaondoka bila uso? Basi skrini ni kioo. Inaonyesha, haitunzi. Kompyuta ndiyo inayotunza, nayo ina tabia ya mzee mkaidi: inakumbuka kwamba dirisha lile ulilikalisha kulia, na kila ukilifungua inalirudisha kulekule, ingawa huko sasa hakuna kitu ila ukuta. Kwa hiyo uliinamisha skrini bure, na mgongo umeuumiza bure.

Keti. Bofya alama ya programu pale chini, ili kompyuta ijue unalizungumzia dirisha lipi. Shikilia kitufe cha Alt, ukiwa umekishikilia gusa kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi, kisha achia vyote. Sasa gusa herufi M. Umeiambia, "Nataka kulihamisha." Gusa mshale wa kushoto mara moja, kisha usibonyeze chochote, sogeza kipanya taratibu, na dirisha litakuja limeng'ang'ania kishale kama mtoto kwenye kanga ya mama yake. Likifika katikati, bofya mara moja, litaachia. Kama M haikuitika, dirisha lilikuwa limetanuliwa likajaa: rudia Alt na kitufe kirefu, gusa R lipungue, kisha anza tena. Na hili lote likikushinda, rudisha skrini ya ziada mahali pake na utaliona limekaa linakusubiri.

Lakini hapo itabidi uiombe kwa mwenyewe, sivyo? Ndiyo maana sitakuachia uende kirahisi. Kompyuta umeikosea nusu mita. Wifi umemkosea zaidi. Alikuazima mali yake, akaichukua mali yake, nawe ukamwita mwizi mbele ya watu wanaomlisha. Usimtume mume wako. Usimnong'oneze jikoni. Tusi lilisikiwa na viti vinne, na radhi isikiwe na viti vinne. Ingia saluni imejaa, sema, "Wifi, viuno nilikuwa navyo mwenyewe," kisha kaa kitini akusuke. Akikuvuta nywele kidogo kuliko kawaida, vumilia; hayo ni malipo halali. Feni iwekeni mlangoni ipulize huku na huku.

Vipimo vikionekana, vinakili leo hiihii kwenye daftari jipya, kwa kalamu, na daftari hilo lisiguswe na mkasi.

Na shangazi? Kiapo chako kitunze, usimpime tena. Lakini alikupa kiuno cha mwezi uliopita, akiwa amebana pumzi nyuma ya mlango uliofungwa, na harusini atataka kula na kucheza. Mwachie inchi mbili za akiba ndani ya mshono, kila upande. Hizo usiziandike popote.