Bei ya Theluji Ambayo Haijaanguka

La Rochelle, Johannesburg
Novemba 2017

Mjukuu wangu Idrisa,

Salamu zikufikie huko Kanada kwenye baridi yako. Sisi tu wazima. Shangazi yako amehamishia cherehani zake mtaa wa Kensington, hapa hapa mjini. Mwanawe nikimsalimu kwa Kiswahili, hunijibu kwa Kizulu.

Umeniuliza: wateja uwatoze kila unapowaondolea theluji, au bei moja kwa msimu mzima? Theluji siijui, ila tope nalijua.

Ujanani Tanga, mimi na rafiki yangu Sefu tulipatana na Bi Zuhura, mwenye mgahawa bondeni, bei moja ya kuondoa tope mlangoni kwake masika yote. Masika yale mvua haikukatika. Migongo ikatuuma, tukaenda kumwomba atuongezee.

"Na mvua isingenyesha," akauliza, "mngenirudishia?"

Sefu akacheka. Tukashika mabeleshi yetu, tukamaliza msimu.

Mwaka uliofuata tulipatana vilevile, na mvua ikanyesha kidogo tu. Nikaona haya kulipwa kwa kukaa, nikampelekea nusu ya pesa. Akanirudishia mkononi.

"Mwaka jana mlichoka kwa ajili yangu," akasema. "Mwaka huu pumzikeni."

Basi, mjukuu wangu, bei yoyote itaje kabla wingu halijatanda, kisha uishike. Ukimpata mteja wa namna ya Bi Zuhura, mpe bei ya msimu. Wengine, eish, watoze kila theluji inapoanguka.

Funika masikio.

Babu yako,
Mzee Hamisi